Moses Fleetwood Walker, Mdakaji wa Toledo

1. Kaburi lisilo na jiwe

Katika mji wa Steubenville, nchini Marekani, kuna makaburi ya zamani yanayoitwa Makaburi ya Union. Mwaka 1924 alizikwa hapo mzee mmoja mweusi. Hakuwekewa jiwe wala maandishi. Majani yaliota, mvua ikanyesha, miaka ikapita. Watu walipita karibu na kaburi lile bila kujua ni la nani.

Mzee huyo aliitwa Moses Fleetwood Walker. Rafiki zake walimwita Fleet. Alipokuwa kijana alicheza mchezo wa besiboli mbele ya maelfu ya watu. Alikuwa mmoja wa watu wa kwanza weusi kulipwa mshahara kwa kucheza mchezo huo. Mwaka 1884 alicheza katika ligi kubwa ya nchi. Baada yake ligi kubwa zilifungwa kwa watu weusi kwa zaidi ya miaka 60.

Ndugu msomaji, katika habari hii tutaona jinsi Fleet Walker alivyoingia katika mchezo huo na jinsi alivyotolewa. Tutaona pia kwamba mtu anaweza kunyimwa haki yake hata kama hakuna sheria iliyoandikwa ya kumnyima.

2. Mtoto wa daktari na mkunga

Fleet Walker alizaliwa tarehe 7 Oktoba, 1856, katika mji mdogo wa Mount Pleasant, jimbo la Ohio. Wakati huo watu weusi katika majimbo ya kusini ya Marekani walikuwa bado watumwa. Waliuzwa na kununuliwa kama mifugo. Ohio halikuwa jimbo la utumwa. Lakini ng'ambo ya Mto Ohio lilikuwako jimbo la Virginia, na huko utumwa uliendelea. Watumwa wengi walitoroka usiku, wakavuka mto ule, wakatafuta uhuru.

Wakazi wengi wa Mount Pleasant waliuchukia utumwa. Waliwaficha watoro, wakawalisha na kuwasaidia kuendelea na safari. Fleet alizaliwa katika mji wa namna hiyo. Baba yake alikuwa daktari, na baadaye akawa mchungaji wa kanisa. Mama yake, Caroline, alikuwa mkunga. Kwa watu weusi wa zama zile, hii ilikuwa familia yenye elimu na heshima.

Fleet alipokuwa bado mdogo, familia ilihamia mji wa Steubenville, kando ya Mto Ohio. Huko, mwaka 1860, alizaliwa mdogo wake aliyeitwa Weldy. Ndugu hawa wawili walipendana sana. Tutamkuta Weldy tena mbele.

Mwaka 1865 vita kubwa ya wenyewe kwa wenyewe ilikwisha na utumwa ukafutwa katika nchi yote ya Marekani. Fleet alikuwa na umri wa miaka 8. Kwa hiyo alikua katika miaka ambayo watu weusi walikuwa na matumaini makubwa. Waliamini kwamba sasa milango yote itafunguka.

3. Mchezo wenyewe

Huenda hujapata kuuona mchezo wa besiboli. Tuueleze kwa kifupi.

Wanacheza timu mbili. Kila timu ina watu 9. Mchezaji mmoja huitwa mrushaji. Yeye hurusha mpira mdogo, mgumu, uliofunikwa kwa ngozi. Ukubwa wake ni kama chungwa dogo. Mchezaji wa timu ya pili husimama na gongo na kujaribu kuupiga. Akiupiga vizuri, hukimbia kuzunguka vituo vitatu na kurudi pale alipoanzia. Akifika salama, timu yake hupata alama moja.

Nyuma ya mwenye gongo huchutama mchezaji mwingine. Huyu ni mdakaji. Kazi yake ni kudaka kila mpira ambao haukupigwa. Pia humpa mrushaji ishara ili wote wawili wajue ni mpira wa namna gani utakaokuja. Mrushaji na mdakaji wasiposikilizana, timu yao hupata taabu.

Fleet Walker alikuwa mdakaji. Wadakaji wa siku hizi huvaa glavu nene, kinga ya kifua na kinga za miguu. Wadakaji wa siku zile hawakuwa na vitu vyote hivyo. Walker alidaka kwa mikono mitupu, au kwa glavu nyembamba za ngozi. Mrushaji alisimama umbali wa mita 15 tu, naye alirusha kwa nguvu zake zote. Vidole vilivimba, vilivunjika na kupinda. Mdakaji alifunga kidole chake kwa kitambaa, kisha akaendelea kucheza. Kazi hiyo ilitaka mtu shujaa, mwenye akili na mwenye uvumilivu.

4. Chuoni

Mwaka 1878 Walker aliingia Chuo cha Oberlin, katika jimbo lile lile la Ohio. Chuo hiki kilisifika kwa sababu kilianza kuwapokea wanafunzi weusi tangu mwaka 1835, wakati vyuo vingi vya Marekani viliwakataa. Kiliwapokea pia wanawake.

Mwaka 1881 chuo kiliunda timu ya besiboli ya kushindana na vyuo vingine. Fleet alikuwa mdakaji wake. Weldy naye alikuwa katika timu hiyo. Mwaka ule ule Oberlin walicheza na Chuo Kikuu cha Michigan, wakawashinda. Watu wa Michigan waliona uhodari wa Fleet Walker, wakataka aje kwao. Walker alihamia huko, akasoma sheria na kuichezea timu yao mwaka 1882. Mwaka huo pia alimwoa Arabella Taylor. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Lakini kabla ya kwenda Michigan lilimpata jambo la uchungu. Katika mwezi wa Agosti, 1881, alikuwa akicheza katika timu ya kampuni moja ya cherehani ya mji wa Cleveland. Timu hiyo ilisafiri kwenda Louisville, mji wa kusini ambako utumwa ulikuwa umefutwa miaka 16 tu iliyopita. Asubuhi, hoteli ilikataa kumpa Walker chakula kwa sababu ya rangi yake. Mchana, wenyeji wa Louisville walikataa asicheze.

Timu yake ikamweka mdakaji mwingine. Muda si mrefu mdakaji huyo aliumia mkono, akasema hawezi kuendelea. Watazamaji walikuwa wazungu, lakini wengi wao walipiga kelele kwamba Walker aingie. Walitaka kuona mchezo mzuri. Walker aliingia, akaanza kupasha mikono moto. Wachezaji wawili wa Louisville wakaondoka uwanjani kwa hasira. Mwisho Walker alitolewa, na timu yake ikacheza bila yeye.

Siku ile Walker alijifunza jambo. Wapo watu waliokuwa tayari kumkubali, lakini hao hawakuwa wenye maamuzi.

5. Siku Chicago walipokuja Toledo

Mwaka 1883 Walker aliajiriwa na klabu ya mji wa Toledo, jimbo la Ohio. Sasa mchezo ulikuwa kazi yake. Kabla michezo ya mwaka huo haijaanza, viongozi wa ligi walifanya mkutano. Mjumbe wa klabu moja alileta hoja kwamba watu weusi wasiruhusiwe kucheza. Hoja hiyo ilipingwa vikali na haikupita. Walker akabaki. Mwaka huo Toledo ilichukua ubingwa wa ligi yao.

Tarehe 10 Agosti, 1883, timu ya Chicago ilikuja Toledo kucheza mchezo wa kirafiki. Chicago ilikuwa timu maarufu sana. Nahodha wake, Cap Anson, alikuwa mmoja wa wachezaji mashuhuri kuliko wote nchini. Anson aliwachukia watu weusi, wala hakuficha. Alitangaza kwamba timu yake haitacheza kama Walker atakuwamo uwanjani.

Siku ile mkono wa Walker ulikuwa unauma. Meneja wa Toledo, Charlie Morton, alikuwa amepanga kumpumzisha. Lakini aliposikia maneno ya Anson, alikasirika. Akabadili mpango. Akamwingiza Walker katika timu, si kama mdakaji, bali katika nafasi ya nje ambako mkono wake hautaumia. Kisha akamwambia Anson kwamba Chicago wasipocheza hawatapata sehemu yao ya fedha za kiingilio.

Anson alifikiri. Uwanja ulikuwa umejaa watu, na fedha zilikuwa nyingi. Akakubali kucheza, huku akinung'unika na kutukana. Chicago walishinda kwa alama 7 dhidi ya 6. Lakini Walker alicheza. Dunia haikupasuka, na watazamaji walirudi nyumbani salama.

Ndugu msomaji, likumbuke jambo hili. Mtu mmoja mwenye madaraka alisimama imara, na mbaguzi akarudi nyuma. Miaka minne baadaye Anson atarudia madai yale yale, na tutaona atajibiwa nini.

6. Katika ligi kubwa

Mwaka 1884 klabu ya Toledo ilipandishwa, ikaingia katika ligi iliyohesabiwa kuwa kubwa. Hivyo Fleet Walker akawa mchezaji wa ligi kubwa.

Mchezo wake wa kwanza ulikuwa tarehe 1 Mei, 1884. Ulichezwa Louisville, mji ule ule uliomkataa miaka mitatu nyuma. Siku hiyo haikuwa njema kwake. Hakupata pigo hata moja, akafanya makosa manne. Toledo walishindwa kwa alama 5 dhidi ya 1.

Walker hakukata tamaa. Mwaka ule alicheza michezo 42, na kwa kupiga mpira alikuwa miongoni mwa wazuri wa timu yake. Alifanya hivyo huku vidole vyake vikiwa na maumivu, na huku watazamaji wa miji kadhaa wakimzomea.

Taabu nyingine ilitoka ndani ya timu yake mwenyewe. Mrushaji bora wa Toledo aliitwa Tony Mullane. Mullane hakutaka kupokea maagizo kwa mtu mweusi. Walker alipompa ishara, yeye alizipuuza na kurusha mpira wowote aliotaka. Fikiri, ndugu msomaji. Mdakaji amechutama, mikono haina kinga, na hajui mpira utakuja juu au chini, kushoto au kulia. Walker aliidaka mipira hiyo mchezo baada ya mchezo. Baadaye sana, katika uzee wake, Mullane mwenyewe alikiri kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliopata kucheza nao. Alikiri pia jinsi alivyomtendea. Lakini wakati huo ulikuwa umekwisha kupita.

Katika mwezi wa Julai Walker aliumia vibaya. Mpira ulimvunja ubavu. Mwezi wa Septemba meneja Morton alipokea barua kutoka Richmond, mji wa kusini ambako Toledo walipangiwa kwenda kucheza. Barua ilisema kwamba wanaume 75 wameapa kumshambulia Walker akithubutu kuingia uwanjani huko. Walker hakwenda Richmond. Kwa sababu ya maumivu yake, klabu ilikuwa imekwisha kumwachisha kazi kabla ya safari hiyo.

Weldy naye aliichezea Toledo michezo michache mwaka huo. Hivyo ndugu wawili wa tumbo moja walicheza katika ligi kubwa. Baada ya mwaka huo wa 1884 hakuna mtu mweusi aliyejulikana hivyo aliyecheza tena katika ligi kubwa mpaka mwaka 1947.

Katika miaka ya karibuni watafiti wamegundua kwamba mwaka 1879 kijana aitwaye William Edward White alicheza mchezo mmoja katika ligi kubwa. Mama yake alikuwa mtumwa na baba yake alikuwa bwana mzungu. Lakini White alihesabiwa kuwa mzungu, na wachezaji wenzake walimwona hivyo. Walker hakujificha. Kila mtu uwanjani alimjua kuwa ni mtu mweusi.

7. Mlango wafungwa

Walker alipopona aliendelea kucheza katika ligi ndogo, katika miji ya Cleveland na Waterbury. Mwaka 1887 alijiunga na klabu ya Newark, karibu na New York. Huko alimkuta mrushaji mweusi, George Stovey. Stovey alirusha na Walker akadaka. Hawa wawili walisikilizana vizuri, na mwaka ule Stovey aliiletea timu yake ushindi zaidi ya mara 30. Timu nyingine katika ligi hiyo pia zilikuwa na wachezaji weusi.

Uhodari wao haukuwapatia heshima. Uliwaletea husuda. Wachezaji weupe kadhaa walilalamika kwamba watu weusi wanachukua nafasi zao.

Tarehe 14 Julai, 1887, timu ya Chicago ilikuja Newark kwa mchezo wa kirafiki. Nahodha wake alikuwa bado Cap Anson. Akasema tena kwamba hawatacheza kama Stovey na Walker wataingia. Safari hii hakupatikana mtu kama Morton. Watu waliambiwa kwamba Stovey ni mgonjwa. Walker naye hakuchezeshwa. Mchezo ukaendelea bila wao.

Siku hiyo hiyo, katika mji wa Buffalo, viongozi wa klabu za ligi hiyo walikuwa na mkutano. Walipiga kura. Klabu 6 zilikubali na 4 zilikataa. Wakaamua kwamba klabu zisiwape mikataba mipya wachezaji weusi.

Katika ligi kubwa mambo yalifanyika kwa namna nyingine. Huko hakukuwa na sheria iliyoandikwa kwamba mtu mweusi asicheze. Wenye klabu walielewana tu. Mchezaji mweusi alipoomba kazi aliambiwa kwamba nafasi zimejaa. Alipouliza sheria iko wapi, hakuonyeshwa kitu. Mlango haukuwa na kufuli la kuonekana, lakini haukufunguka.

Mwaka 1888 Weldy Walker alishindwa kunyamaza. Ligi moja ya Ohio na majimbo ya jirani iliripotiwa kufuta ruhusa ya kuajiri watu weusi. Weldy akamwandikia rais wa ligi hiyo barua, nayo ikachapwa katika gazeti la michezo. Alisema kwamba mchezaji akataliwe kama hana ujuzi, au kama tabia yake ni mbaya, lakini asikataliwe kwa sababu ya rangi. Alikumbusha pia kwamba watu weusi hulipa kiingilio kama watu wengine. Akauliza kwa nini fedha zao zinafaa mlangoni ikiwa wao wenyewe hawafai uwanjani. Barua ile haikubadili uamuzi. Lakini ilibaki, na watu bado wanaisoma.

Fleet aliendelea kucheza katika klabu ya Syracuse, jimbo la New York. Mwaka 1888 klabu hiyo ilichukua ubingwa. Mwaka 1889 aliachishwa. Alikuwa na umri wa miaka 32. Baada yake hakuna mtu mweusi aliyecheza katika ligi ile mpaka mwaka 1946.

8. Kisu na mahakama

Walker alibaki Syracuse akitafuta maisha mengine. Alikuwa mtu wa akili nyingi. Mwaka 1891 serikali ilimpa hati ya uvumbuzi kwa kombora la mzinga alilolibuni.

Lakini mwezi wa Aprili mwaka ule ule yalimkuta makubwa. Alikuwa akipita karibu na kilabu cha pombe. Kundi la wazungu lilimtukana, kukazuka ugomvi. Jiwe lilimpiga kichwani. Walker akachomoa kisu kidogo cha mfukoni, akamchoma mmoja wao. Mtu yule akafa.

Walker alikamatwa na kushtakiwa kwa mauaji. Ilipofika Juni kesi yake ilisikilizwa. Watu wote wa baraza la kuamua kesi walikuwa wazungu. Wengi walidhani hukumu inajulikana. Walker alijitetea kwamba alishambuliwa na kwamba aliogopa kuuawa. Tarehe 3 Juni, 1891, baraza lilimwona hana hatia. Watu waliokuwa mahakamani wakashangilia.

Hivyo Walker alipata haki mahakamani, mbele ya wazungu wasiomjua. Katika mchezo alioupenda hakuipata.

9. Miaka ya taabu na ya kazi

Walker alirudi Steubenville. Alipata kazi ya ukarani wa barua katika magari moshi. Mwaka 1895 mke wake Arabella alifariki, akamwachia watoto. Mwaka 1898 Walker alimwoa Ednah Mason, waliyefahamiana tangu Oberlin. Lakini mwaka ule ule alishtakiwa kwamba ameiba fedha zilizokuwa ndani ya barua. Mahakama ilimwona ana hatia, akafungwa mwaka mmoja.

Hatulisemi jambo hili kwa kumdharau. Tunalisema kwa sababu ni kweli. Habari ya maisha ya mtu isifiche makosa yake, wala makosa yake yasifute mema yake.

Alipotoka gerezani hakukaa bure. Yeye na Weldy waliendesha hoteli, na mwaka 1902 wakaanzisha gazeti liitwalo Equator, yaani Ikweta. Mwaka 1904 Fleet na Ednah walichukua jumba la maonyesho katika mji wa Cadiz, Ohio. Hapo watu walikuja kutazama michezo ya kuigiza, kusikiliza muziki na, baadaye, kuona sinema. Walker aliona jinsi wafanyakazi walivyosumbuka kubadilisha mikanda ya filamu. Akatafuta njia za kurahisisha kazi hiyo. Mwaka 1920 alipewa hati nyingine za uvumbuzi.

10. Kitabu cha mtu aliyechoka kungoja

Mwaka 1908 Walker alitoa kijitabu kiitwacho Our Home Colony. Humo alieleza habari za watu weusi wa Marekani, tangu zamani mpaka siku zake. Maneno yake yalikuwa mazito. Aliandika kwamba weusi na weupe hawataweza kuishi pamoja kwa amani katika nchi ile. Aliwashauri watu weusi wahame, warudi Afrika.

Tukimsoma leo tunaweza kumpinga. Afrika yenyewe wakati huo ilikuwa imegawanywa na kutawaliwa na mataifa ya Ulaya. Tena mamilioni ya watu weusi walikuwa wamezaliwa Marekani, wakalima mashamba yake na kujenga miji yake. Nchi ile ilikuwa yao pia. Wengi wao walibaki, wakadai haki zao pale pale. Walker mwenyewe hakuhamia Afrika.

Lakini tujiulize ni nani aliyeandika maneno yale. Aliyeyaandika alikuwa mtu aliyesoma na wazungu, akala nao, akacheza nao na kushinda nao. Alikuwa amejaribu kwa nguvu zake zote kuishi nao kama ndugu. Ikiwa mtu wa namna hiyo alikata tamaa, basi ubaguzi ulikuwa umefanya kazi yake.

11. Mwisho wake, na baada yake

Ednah alifariki mwaka 1920. Walker aliuza jumba lake la maonyesho, akahamia Cleveland. Huko alifariki tarehe 11 Mei, 1924, kwa ugonjwa wa mapafu. Alikuwa na umri wa miaka 67. Mwili wake ulipelekwa Steubenville na kuzikwa katika kaburi lile tulilolitaja mwanzo.

Tarehe 15 Aprili, 1947, kijana mweusi aitwaye Jackie Robinson aliingia uwanjani na timu ya Brooklyn. Nchi nzima ilimtazama. Mlango wa ligi kubwa ulifunguka tena baada ya miaka 63. Watu wengi walidhani kwamba Robinson ni mtu mweusi wa kwanza kabisa. Wachache walikumbuka kwamba mwaka 1884 alikuwako mdakaji mmoja wa Toledo.

Mwaka 1990 watu wa michezo wa Chuo cha Oberlin waliweka jiwe juu ya kaburi la Walker. Ilikuwa imepita miaka 66 tangu azikwe. Mwaka 2017 jimbo la Ohio lilipitisha sheria kwamba tarehe 7 Oktoba, siku aliyozaliwa, iwe siku ya kumkumbuka kila mwaka.

12. Tumejifunza nini?

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fleet Walker hakuomba upendeleo. Aliomba apimwe kwa kazi ya mikono yake. Mwaka 1883 alipatikana meneja mmoja aliyekataa kutishwa, na Walker akacheza. Mwaka 1887 hakupatikana, na wachezaji weusi wakafungiwa mlango. Anson alikuwa yule yule na madai yake yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa kwa wale waliojibu.

Hata katika kijiji jambo kama hilo huweza kutokea. Mtu anaweza kunyimwa nafasi katika kamati, au katika chama cha ushirika, kwa sababu ni mwanamke, au ni mgeni, au ni wa ukoo fulani. Huenda hakuna kanuni iliyoandikwa ya kumkataza. Watu wameelewana tu, na wengine wamenyamaza. Anayenyamaza naye ameshika mlango.

Maswali ya kujadili

1. Wazazi wa Fleet Walker walifanya kazi gani?
2. Kwa nini kazi ya mdakaji ilikuwa ngumu katika siku zile?
3. Meneja Morton alifanya nini Anson alipokataa kucheza? Wewe ungefanya nini?
4. Weldy Walker aliandika nini katika barua yake? Je, barua isiyobadili uamuzi ina faida?
5. Walker aliwashauri watu weusi wahame Marekani. Je, unakubaliana naye? Toa sababu zako.
6. Je, katika kijiji chako kuna watu wanaonyimwa nafasi bila kanuni iliyoandikwa? Jadilianeni jinsi ya kuondoa jambo hilo.